Talaka Msimu wa Plamu

4 Septemba, Jumatatu

Leo tumepeleka maombi ya talaka. Nilidhani ni mambo ya mahakama na mawakili na kupigizana kelele, kumbe ni dirisha la pili kushoto, palepale manispaa walipotuozesha. Mama wa dirishani alikuwa na mafua na kikombe cha chai ya mnanaa. Alipokea vitambulisho, akapokea cheti chetu cha ndoa, kile chenyewe, si nakala, akakitia kwenye jalada. Halafu akauliza, "Watoto mnao?"

"Hatuna," akasema Tiberiu.

"Basi ni rahisi."

Miaka miwili na miezi minne nimeulizwa swali hilo kanisani, posta, kwenye foleni ya mkate, na leo ndiyo mara ya kwanza jibu letu limemfurahisha mtu. Nilijitia kupiga chafya ili nipate kisingizio cha kufuta macho. Mama akaniambia mafua yanazunguka sana mwaka huu.

Akatueleza utaratibu. Tumepewa siku thelathini za kufikiri. Tarehe tano Oktoba, saa nne asubuhi, turudi wote wawili wenyewe tuseme mbele yake kwamba bado tunataka. Mmoja asipotokea, jalada linafungwa, tunabaki mume na mke kama tulivyokuwa, na anayeitaka talaka kweli aende mahakamani. "Na jina je?" akaniuliza. "Unabaki na la mumeo au unarudia la kwenu?" Nikasema la kwetu. Tiberiu akanigeukia kidogo, kama mtu ambaye hilo halikumpitia akilini.

Tulinunua covrigi, mkate wa duara wenye chumvi juu, tukaila tumesimama mlangoni mwa manispaa, chumvi ikituangukia kifuani, utadhani tumetoka kuandikisha mbwa. Hapo tukakubaliana kwamba mama yake, Mama Veturia, asijue mpaka plamu ziishe. Ni mjane mwenye miti mia mbili, na mwaka huu miti imezaa hadi matawi yanavunjika.

Niandike na hili, maana hili daftari ni langu na sitalidanganya. Talaka anaitaka yeye. Aliniambia mwezi wa sita, tukipalilia mahindi. "Smaranda, wewe huna kosa hata moja. Lakini nikirudi jioni nikaona taa yetu inawaka, moyo wangu haushtuki. Nimengoja ushtuke. Haushtuki." Heri angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemng'oa nywele, nikalala usingizi. Nimetia sahihi kwa kiburi tu, na kwa sababu siku thelathini ni nyingi. Mimi nampenda. Nina hakika tarehe tano hatatokea.

6 Septemba

Hakuna la kuandika. Nimegonga mihuri posta, nimerudi, nimechoma pilipili hoho za kuweka kwenye mitungi kwa ajili ya majira ya baridi.

7 Septemba

Tumeanza kuvuna. Tiberiu anapanda ngazi na ufito mrefu, anapiga matawi, plamu zinamwagika kwenye turubai, na mimi na mavyaa wangu tunaokota tumeinama. Mama Veturia ana miaka sitini na minane na mgongo wake hauna habari. Mgongo wangu mimi una habari zote.

"Okota na zile za kwenye nyasi," ananiambia. "Hazina miguu, hazitakufuata."

"Nakuja, Mama."

"Unakuja tangu asubuhi."

Tangu niolewe mama huyu hajawahi kunisifia kitu. Supu yangu maji, mashuka yangu hayajanyooka, ninavyokata mkate ni kama nakata kuni. Nimeinama pale nikawaza: baki nacho, Smaranda, baki na hicho cha kufurahia. Hutasikia tena habari za mkate.

8 Septemba

Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria. Baada ya ibada wanawake walisimama uani mwa kanisa kama kawaida yao, na Aurica, jirani yetu wa upande wa mto, akanishika tumbo. Akalishika hasa, kwa kiganja. "Bado kimya?" akasema.

Mama Veturia akasogea katikati yetu. "Aurica," akasema, "tumbo la mkaza mwana wangu si redio hata ulisikilize. Kasikilize la kwako, lilivyo kubwa halikosi habari."

Watu wakacheka hadi padre akageuka. Njiani kurudi nilimwambia asante. Akasema, "Asante ya nini? Mikono yake inanuka samaki, na blauzi yako ni ya kanisani." Nimecheka peke yangu nikivua ile blauzi, halafu nikalia kidogo.

11 Septemba

Mvua. Plamu zikilowa zinapasuka. Tumekaa wote watatu dirishani kuiangalia.

12 Septemba

Mvua.

14 Septemba

Leo ni Siku ya Msalaba. Huku kwetu siku hii ni ya kufunga, na hakuna anayegusa plamu, wala jozi, wala kitunguu saumu, kwa kuwa ndani yake wazee waliona alama ya msalaba. Jua limetoka kali baada ya mvua, plamu zinaiva na kuanguka zenyewe, na sisi tumekaa kama wafungwa. Kama ingekuwa siku ya kazi hakuna ambacho kingetokea. Mama Veturia asingepata nafasi ya kupekua droo.

Ile droo iko chini ya picha takatifu ya Mtakatifu Nikolai. Ndimo zilimo karatasi zote za nyumba, hati ya shamba, cheti cha kifo cha baba mkwe, kadi za chanjo za Tiberiu za utotoni. Kwa kukosa kazi, aliamua kuzipanga. Mimi nilikuwa nachambua maharage mezani. Tiberiu alikuwa anachonga mpini wa shoka.

"Cheti chenu cha ndoa kiko wapi?" akauliza.

Tiberiu aliendelea kuchonga.

"Kilikuwa hapa, chini ya hati ya shamba. Mimi mwenyewe nilikiweka."

Ningeweza kusema kimeombwa posta. Uongo ulikuwa tayari ulimini, nilikuwa hata nimevuta pumzi. Tiberiu akaweka kisu chini. Yeye hawezi kusema uongo hata siku za kawaida, seuze siku ya kufunga.

"Kiko manispaa, Mama. Tunaachana."

Mama Veturia aliendelea kupanga karatasi. Alipanga tatu au nne, akazigonga kingo zikae sawa. Akasema, "Na plamu?"

"Tutamaliza plamu kwanza."

"Ahaa. Mmefikiria mpaka plamu." Ndipo akanigeukia mimi, na nilijua inakuja, nilikuwa naingoja tangu tarehe nne. "Wewe umemfanya nini mwanangu?"

"Hajanifanya kitu," Tiberiu akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye ninayetaka, yeye hataki. Usimguse, Mama."

Alisema *yeye hataki*. Kumbe anajua. Siku zote hizi nilikuwa natembea na kiburi changu kichwani kama ndoo, nikidhani hakuna aliyeona kwamba ndani ni maji matupu. Nilibaki nimeshika maharage. Uso uliniwaka hadi masikioni.

Mama Veturia akamgeukia mwanawe. "Baba yako," akasema, "alinioa kwa sababu farasi wa baba yangu alikuwa na nguvu. Alinipenda mwaka wa sita. Wewe umengoja mingapi? Miwili?"

"Mama, si kitu cha kuhesabu."

"Kila kitu ni cha kuhesabu." Akafunga droo, akavaa ushungi wake mweusi, akatoka kwenda kanisani, ingawa ibada ilikuwa imekwisha. Alirudi jioni. Tulikula viazi bila mafuta, na mimi niliviunguza.

15 Septemba

Tumerudi shambani. Mama hasemi na mtu. Anaokota haraka kuliko juzi.

17 Septemba, Jumapili

Mama Veturia amewaita wasimamizi wetu wa ndoa. Nilijua atawaita. Baba Pantelimon na Mama Lucreția walitushikia mishumaa kanisani siku ile, kwa hiyo hadi tufe wana haki ya kuingia nyumbani kwetu bila kubisha na kutuuliza lolote. Baba Pantelimon alikuja na koti lake la arusi za watu, akakaa kichwani mwa meza, akapewa glasi ya tuika, pombe yetu kali ya plamu, ya mwaka jana.

"Haya," akamwambia Tiberiu. "Anakutukana?"

"Hapana."

"Hapiki?"

"Anapika."

"Anapika hivyohivyo," akasema mavyaa wangu kutoka jikoni.

Akanigeukia. "Na wewe, binti yangu. Anakupiga?"

"Hapana, Baba."

"Anakunywa? Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa mnaachana kwa nini? Mmekosa kazi ya kufanya?" Akanywa. "Mimi mkono huu uliunguzwa na nta kwa ajili yenu. Padre alikuwa polepole, mshumaa ukayeyuka hadi kwenye vidole, na sikuutupa. Ukiutupa ndoa inavunjika, sikuutupa. Kovu hili hapa. Nalirudisha kwa nani?"

Tiberiu akasema, kwa heshima zote, kwamba anasikitika kuhusu mkono. Wakanywa nyingine. Ilipofika ya nne, Baba Pantelimon alikuwa anamweleza Tiberiu habari za jiko lake linalotoa moshi, na Tiberiu, ambaye kujenga majiko ndiyo kazi yake, alikuwa anamchorea kwa mkaa juu ya ubao wa mkate jinsi bomba linavyotakiwa kupinda. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nimekaa ng'ambo ya meza ile miaka miwili na sijawahi kung'arishiwa macho namna ile, nimezidiwa na bomba la moshi.

Mama Lucreția alikuwa anakausha vyombo nami. "Mimi yule mzee nilimchukia miaka tisa," akaninong'oneza. "Akavunjika mguu. Nikamlisha, nikamwogesha. Sijui kilichotokea pale, lakini kilitokea."

"Kwa hiyo nimvunje mguu?"

"Sijasema hivyo." Akafikiri. "Ila usikimbilie kwenda huko manispaa."

20 Septemba

Jamu. Tumewasha moto uani tangu alfajiri chini ya lile sufuria kubwa la shaba, na kutwa nzima plamu zinapungua na kuwa nyeusi, bila sukari hata chembe. Mwiko wake ni mrefu kama jembe na haupumziki, ukiusimamisha chini inaungua. Tunapokezana. Tiberiu alikuwa anapakia kuni upande wa pili wa nyumba.

Ilikuwa zamu yangu. Mama Veturia akaja akasimama karibu, akaangalia ndani ya sufuria, akasema bila kunitazama, "Tarehe tano usiende."

"Mama?"

"Nimeuliza. Mmoja asipokwenda, karatasi zinakufa zenyewe. Basi tarehe tano wewe una homa. Mimi ndiye shahidi."

"Atakwenda mahakamani."

"Nani, Tibi? Yule kuandika barua ya kuomba umeme alichukua miezi minane. Mahakamani." Akanipokonya mwiko kwa sababu nilikuwa nimeacha kukoroga. "Sikiliza. Mimi nilisema maneno mengi kuhusu mkate. Mavyaa wangu alisema mabaya zaidi, nikadhani ndivyo inavyofanywa. Sijui namna nyingine. Lakini nyumba hii kabla hujaja tulikuwa tunakaa mimi na yeye, tunasikia saa ya ukutani. Usiende."

Nilitaka kumkumbatia na sikujua pa kuanzia, ana viwiko vikali. Nikaenda kuleta kuni. Nilipofika nyuma ya banda nilikaa chini nikalia hadi nikapata kwikwi. Baada ya hapo nikapiga hesabu. Sitakuwa nimedanganya mtu. Nitakuwa nimebaki nyumbani tu, siku ya kazi, kama mke yeyote.

21 Septemba

Mitungi arobaini na mmoja ya jamu. Mikono yangu imepakwa zambarau hadi viwikoni, na wazee posta wanauliza nimemuua nani.

24 Septemba

Tiberiu ametengeneza baiskeli yangu bila kuombwa. Amepaka hadi kengele mafuta. Natamani angekuwa mkorofi.

27 Septemba

Leo tumefikia mstari wa mwisho wa miti, ule wa juu kilimani. Mama alikuwa amerudi kupika. Tiberiu alikuwa juu ya ngazi, mimi nimeshika miguu ya ngazi kwa sababu pale ni mteremko. Alikuwa hapigi matawi. Nikadhani anatafuta tawi.

"Smaranda," akasema kutoka huko juu. "Ile tarehe tano."

"Enhe."

"Usipokuja, sitaenda popote. Mahakamani wala wapi. Nitakaa."

Niliona buti zake tu na suruali yenye udongo mkavu magotini. Nikauliza, "Utakaa vipi?"

"Nitakaa tu. Mama ana furaha na wewe, ingawa hasemi. Wewe ni mtu mwema. Nimefikiri sana siku hizi, wangapi wana kile ninachokitafuta mimi? Labda hakipo. Nitakuwa mume mzuri kwako, naapa. Hutasikia tena neno hili kutoka kwangu."

"Na moyo?"

"Sitaungoja tena," akasema.

Niandike ukweli, aibu iwe yangu. Nilifurahi. Nilishika ngazi ile, na nilikuwa tayari kumjibu hapohapo kwamba siendi, kwamba nina homa tangu leo. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa ameanza kupiga matawi na plamu zikaninyeshea kichwani. Alikuwa anazipiga kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na za mwisho mwisho zile zilikuwa mbovu.

28 Septemba

Nimempikia sarmale, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi. Amekula nane. Amesema nzuri sana, asante. Alisema asante mara tatu.

30 Septemba

Nimeamua. Siendi. Nimemwambia Mama Veturia tukianika mashuka. Akaitikia kwa kichwa, akanifundisha namna yake ya kunyoosha ncha, kwa upole, na alipomaliza akasema shuka langu limekaa sawa.

2 Oktoba

Niandike hili kabla sijalibadilisha kichwani.

Tiberiu ameanza kujenga jiko nyumbani kwa Aurica. Mimi nilikuwa na barua ya pensheni ya Aurica, na kwa kuwa tarishi wetu anaumwa, nikapanda baiskeli niipeleke mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Nilipofika kwenye uzio nikasikia mtu anapiga mluzi, mluzi mzuri, wa kupanda na kushuka, wa kuchezea. Nikajiuliza Aurica amempata wapi fundi mwenye mluzi kama ule. Kisha mluzi ukakatika na sauti ya Tiberiu ikasema, "Tofali hili limelewa, Aurica, limetoka na wewe arusini?" Aurica akacheka, naye Tiberiu akacheka, akaendelea na mluzi wake.

Miaka miwili na miezi minne. Sikujua kwamba anajua kupiga mluzi.

Nilisimama pale na baiskeli. Nilijiambia kila mtu ana furaha akiwa kazini. Hata mimi posta nina utani. Kisha nikaingia, nikasema, "Barua," na Tiberiu akanyanyuka haraka, akajifuta mikono, akaninyanyulia kiti. Akaniuliza kama nimechoka, kama mlima haukunisumbua. Alikuwa mpole kama mtu aliye mbele ya mgonjwa. Nilikaa dakika kumi na hakupiga mluzi hata kidogo. Nilipoondoka nilikwenda polepole, nimetega masikio, na nilipopita kona ya kwanza nikausikia umeanza tena.

3 Oktoba

Ukungu kutwa nzima.

4 Oktoba

Mama Veturia amenitengenezea homa. Amenikalisha kitandani saa tisa alasiri, ameniwekea kitambaa cha siki kwenye paji la uso ili tuzoeane, yaani mimi na homa. Tiberiu aliingia akaona. Akasimama mlangoni, akasema, "Pole, basi. Kesho nitakwenda kwa Aurica mapema, jiko linakauka." Akajaribu kutabasamu.

Nilimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mahindi, bila kumtafutia ndani yake kitu changu mimi. Ana miaka thelathini na mmoja. Ana mikunjo miwili mipya kando ya mdomo.

Siendi. Nimeshasema siendi.

5 Oktoba

Nilikwenda.

Tiberiu aliondoka saa moja. Mama alipoingia bandani kwa kuku nikavaa koti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapanda basi la saa mbili. Nilijiambia naenda tu kuona. Kama yupo, nitajua hakumaanisha aliyoyasema kwenye ngazi. Kama hayupo, nitajua.

Hakuwepo. Saa nne ikafika, ikapita. Mama wa dirishani, mafua yamemwisha, akaniambia anaweza kungoja hadi saa sita kwa sababu watu huchelewa na barabara ile ya milimani. Nikakaa kwenye benchi la ukutani, lile wanalokaa maharusi wakisubiri zamu. Kulikuwa na jozi moja, msichana mwenye maua na mvulana mwenye shingo nyekundu, wakaingia, wakapigiwa makofi, wakatoka.

Kwa hiyo ameshika neno lake. Amebaki. Nilikaa na jambo hilo saa nzima, na sitaki kusema uongo, ilikuwa saa tamu kuliko zote za ndoa yangu. Nilikuwa mke wa mtu aliyechagua kubaki. Nilifikiria baridi inayokuja, majiko yanayowaka, mtoto labda. Nilifikiria asante tatu kila jioni. Miaka arobaini ya asante tatu, na mimi nikipita madirishani mwa watu nikisikiliza mluzi.

Nikampigia simu. Ilikuwa saa tano kasoro kidogo nilipoitoa mkobani, na hadi nilipobonyeza jina lake ilikuwa saa tano na dakika tano.

"Smaranda? Homa inaendeleaje?"

"Sina homa. Niko manispaa."

Nikasikia mwiko wake wa uashi ukiwekwa juu ya tofali. "Uko huko?"

"Niko kwenye benchi. Njoo."

"Lakini nilikuambia nitakaa. Nilimaanisha. Sikukudanganya."

"Najua hukunidanganya. Ndiyo maana nakuambia njoo."

Nilikuwa namwomba Mungu, na namshukuru kwamba simu haionyeshi uso, aseme hapana. Aseme, Smaranda, rudi nyumbani, nimejenga jiko la kutosha, nakuja kukuchukua. Neno moja tu la hivyo, ningeruka benchi lile.

"Unaye mtu wa kukaa naye hapo?" akauliza.

"Njoo, Tiberiu," nikasema, nikakata.

Aliingia na udongo hadi viwikoni, na mwingine kwenye nyusi. Mama wa dirishani akampa karatasi ya kujifutia asije akachafua jalada. Akatuuliza kama bado tunaendelea na maombi yetu, kila mmoja ajibu kwa sauti. Tiberiu akanitazama. Nilijua nikisita hata kidogo atasema hapana, na atalishika hilo hapana hadi azeeke. Nikajibu kwanza.

"Naendelea."

"Naendelea," akasema yeye.

Nje alilia, si mimi. Alinishika mikono yote miwili na udongo wake akasema nisamehe, nisamehe, na watu wa arusi nyingine wakatupisha. Nikamwambia aende, jiko linakauka. Alitaka kunirudisha kwa gari. Nikakataa, nikarudi na basi la saa saba.

Mama Veturia alikuwa getini. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Ushungi ulikuwa umelowa ukungu.

"Ulikwenda," akasema.

"Nilikwenda, Mama."

"Naye alikuja?"

"Hakuja. Nilimpigia simu."

Hapo akanishambulia. Aliniita mjinga, aliniita kichwa cha kabichi, akasema bwana alishakwenda kazini, alishakaa, kulikuwa na nini cha kupiga simu, ningelala tu na kitambaa changu cha siki na leo jioni tungekula watatu. Alinishika mabega akanitikisa. Nilimwacha amalize, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kweli.

Kisha akaacha kunitikisa. "Ulimpigia saa ngapi?"

"Saa tano na dakika tano."

"Alikuwa kwa Aurica?"

"Kwa Aurica."

"Akafika manispaa saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi na tisa. Saa ilikuwa ukutani mbele yangu."

Kutoka kwa Aurica hadi mjini ni kona thelathini na malori ya magogo, na Tiberiu ni dereva anayechekwa na kijiji kizima, husimama hadi bata wavuke. Hajawahi kutumia chini ya nusu saa, hata siku baba yake alipokuwa anafia hospitali. Mama Veturia alikuwa kwenye gari siku hiyo.

Alihesabu kwa vidole juu ya mbao za geti, polepole, akafika kumi na nne, akarudia tena. Hakunilaumu zaidi. Alinifuta udongo kwenye mikono kwa ncha ya ushungi wake, kisha akaniuliza sanduku langu liko chini ya kitanda au juu ya kabati.